Mto Haukusomewa Barua

Babnari, kichwani mwa Mfereji wa Aya
Siku ya 20 ya Addaru

Dada yangu Huzalatum,

Nilitaka kuanza kwa kumwambia msomaji akusomee maneno haya, nikakumbuka kwamba wewe hujasomewa barua na mtu tangu ukiwa na miaka kumi. Basi jisomee. Mimi mdogo wako ni mzima. Shamashi, mungu unayemtumikia, akulinde, wewe na wanawake wenzako wote wa makao ya wakfu.

Leo ni siku ya kumi na tatu tangu mashua iniache hapa. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mto uko kushoto, mfereji uko kulia, katikati pana lango la maji la matofali na lami, bata mmoja anayelala hapo langoni, na mimi. Asubuhi na jioni nashuka kusoma alama za kina cha maji, zilizopimwa kwa upana wa kidole na kuchongwa kwenye nguzo ya lango, kisha naandika. Nani apate maji, kwa siku ngapi, nani afunge mlango wake ili jirani afungue, yote hayo yalipangwa kabla sijazaliwa. Mashamba ya mashariki mwaka huu yamepandwa shayiri, na lako limo, kwenye mkondo mdogo wa tatu. Magharibi ni shamba la ikulu. Hilo mwaka huu limepumzishwa, na chumvi imelitoka juu kama unga uliomwagika.

Linalonisumbua ni tuta. Pale mto unapopinda, maji yamelitafuna mpaka mtu mmoja hawezi kupishana na punda juu yake. Wafanyakazi wa zamu mia tatu watakuja siku ya kwanza ya Nisannu, mwezi ujao, kulijenga upya. Amri ya Etelpu, Mkuu wa Mifereji, nimeikuta hapa rafuni. Yaani bado siku kumi. Nazihesabu.

Kuna jambo jingine. Juzi mashua ilileta barua, kibao cha udongo ndani ya bahasha yake ya udongo, yenye muhuri wa Mkuu. Juu imeandikwa: kwa Ibbi-Ilabrat, karani wa Babnari. Huyo ndiye aliyekuwa hapa kabla yangu. Jeshi limemwita, na hakuna anayejua yuko kambi gani. Niivunje? Unakumbuka nilivyochapwa shuleni nilipovunja bahasha ya mwalimu nikidhani ni zoezi letu. Siku tatu sikuweza kukaa. Nimeiweka rafuni.

Tafadhali andika tarehe kwenye barua zako. Najua si desturi ya watu. Lakini mashua huchelewa na barua hupishana njiani, na mwalimu wetu alisema barua isiyo na tarehe ni ng'ombe asiye na chapa.

Mdogo wako,
Apil-Kubi, karani


Sippar, makao ya wakfu
Siku ya 24 ya Addaru

Apil-Kubi,

Tarehe hiyo hapo juu, itazame ushibe. Mwenzangu aliniona naichora akaniuliza, "Tarehe ya nini? Unapeleka mbuzi ikulu?" Nikamwambia nina mdogo wangu mwoga.

Bahasha ivunje. Ibbi-Ilabrat yuko jeshini, ana mishale ya kumshughulisha. Imeandikwa karani wa Babnari. Sasa karani wa Babnari ni nani, yule bata anayelala langoni kwako?

Kuhusu shamba langu nitasema mara moja, sitarudia. Mwaka jana chumvi ilikula robo yake, nikamaliza kiangazi kwa dengu za majirani. Mwaka huu shayiri ikilala majini kabla ya mundu, itanibidi nirudi kukaa jikoni kwa kaka yetu mkubwa, chini ya mkewe. Mkewe unamjua. Anahesabu tende mdomoni mwa mgeni. Kwa hiyo ogopa, mdogo wangu, sikukatazi, ila uogope ukiwa umekodolea nguzo macho.

Dada yako,
Huzalatum


Babnari
Siku ya 2 ya Nisannu

Dada,

Hawajaja.

Hapa hakuna kuhani wala mpiga mbiu. Anayejua mwezi ni karani. Basi mwezi ulipoandama juzi, nilisimama langoni nikawatangazia watu kwamba Addaru imekwisha, huu ni Nisannu, mwaka mpya. Tabni, mama mpika bia, alikunja uso. "Mwaka mpya, na shayiri bado ya kijani hivi? Mwaka huu umekimbia, karani." Lakini bia aliitoa, watu wakacheza, na mimi nikanywa kidogo kwa ajili ya wadhifa.

Alfajiri ya siku ya kwanza nilikuwa juu ya tuta nikisubiri mashua za watu mia tatu. Ilikuja moja. Ilikuwa na vitunguu.

Mzee Shallurum, mfungua lango, alinikuta nimesimama pale pale mchana. Yeye amefungua na kufunga lango hili miaka arobaini, na kila mwaka huutaja kama mtoto wake.

"We karani, unamngoja nani?"

"Wafanyakazi, baba. Amri imesema siku ya kwanza."

"Basi wamesahau. Watu wa mjini wakikaa kivulini hukumbuka kivuli tu."

"Na maji yakija?"

"Maji hayaji shayiri ikiwa kijani. Nenda ukale."

Sikula. Jioni maji yalikuwa yamepanda kidole kimoja. Kidole kimoja si kitu, najua. Lakini kama tumeachwa, dada, kama Mkuu ametusahau kabisa, basi kila siku ninayokaa kimya ni kosa langu, na shamba lako liko mikono mitatu chini ya usawa wa mto. Nimeamua kuwaita watu wa kijiji wabebe udongo. Sijawahi kumwamuru hata mbwa. Nilifanya mazoezi ya maneno mbele ya bata.

Ile bahasha sijaivunja.

Apil-Kubi


Babnari
Siku ya 5 ya Nisannu

Kwa Etelpu, Mkuu wa Mifereji, bwana wangu. Mtumishi wako Apil-Kubi, karani wa Babnari, anasema:

Lango ni zima, tuta si zima. Wafanyakazi mia tatu walioamriwa kufika siku ya kwanza ya Nisannu hawajafika hadi leo. Labda mashua zimekwama. Labda mtumishi wako ameelewa vibaya. Ili kazi ya bwana wangu isilale, nimekusanya watu sabini wa Babnari, wanaume na wanawake, pamoja na wachungaji wa ng'ambo na punda wao. Wanapata mkate na bia kutoka ghala la lango. Wanaume wanachimba, wanawake wanafuma majamvi ya matete ya kuvalisha tuta, punda wanabeba. Tuta limepanda dhiraa moja.

Mwaka mpya tuliusherehekea kwa adabu.

Kama nimekosea, bwana wangu aniandikie, nami nitajua nilipokosea.

Apil-Kubi, karani


Sippar
Siku ya 6 ya Addaru

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi kuisoma tena. Mwaka mpya gani?

Hapa Sippar hakuna aliyeoka mkate wa mwaka mpya. Leo ni siku ya sita ya Addaru. Addaru ya pili. Mpiga mbiu alipita malangoni mwishoni mwa mwezi akasema mfalme ameona mwaka umepungukiwa, miezi imetangulia mbele ya jua, kwa hiyo Addaru irudiwe, na Nisannu ije baada yake. Kila mwaka wa namna hii hufanywa hivyo. Ulifundishwa shuleni, na mimi ndiye niliyekushikia taa ukikariri.

Wafanyakazi wako hawajachelewa hata siku moja. Watakuja siku ya kwanza ya Nisannu, nayo iko mbali, siku ishirini na nne kutoka leo. Mwenye haraka ni wewe.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima: ile bahasha ya Ibbi-Ilabrat ilikuwa na nini ndani? Nahisi najua. Makarani wa Mkuu wamenakili majina ya mwaka jana, na wewe umeulalia mwezi mzima rafuni.

Ivunje. Kisha keti chini kabla hujaisoma.

Huzalatum


Sippar
Siku ya 9 ya Addaru ya pili

Kwa Apil-Kubi. Etelpu anasema hivi:

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mfalme hajaingia hekaluni, mji mzima haujachinja hata bata, na Babnari mmekwisha lewa mwaka mpya. Kwa ruhusa ya nani?

Amri ya kurudia Addaru niliituma huko na muhuri wangu kabla mwezi haujaandama. Ulikuwa unaitumia kuegemeza mlango?

Warudishe wanawake majumbani. Warudishe wachungaji kwa kondoo, sufu ya ikulu inangoja kunyonyolewa. Acha kazi. Watu mia tatu watakuja katika Nisannu ya watu wote. Ukiongeza hata kikapu kimoja cha udongo, utakuja kunieleza hapa Sippar ukiwa umesimama.

Etelpu, Mkuu wa Mifereji


Babnari
Siku ya 12 ya Addaru ya pili (chini yake utaona nilikuwa nimeandika Nisannu, nikaifuta kwa kidole gumba)

Dada,

Nimeivunja. Niliivunja kwa jiwe la kusagia la Tabni, juu ya tuta, mbele ya watu wote, maana nikiwa peke yangu mikono ilikataa. Ndani yalikuwamo yale yale uliyoyasema, mistari mitano. Nikawasomea kwa sauti.

Nikasema, "Kosa ni langu. Niliogopa bahasha. Nimewatoa makwenu mwezi mzima kabla ya wakati, na mwaka mpya mliounywa haukuwepo."

Shallurum alitua kikapu. "Kwa hiyo mimi nina miaka ile ile?"

"Ile ile, baba."

"Na kichwa kilichoniuma siku ya pili, nani atanirudishia?"

Watu wakacheka, mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Shallurum akajipangusa mikono. "Haya, twendeni nyumbani. Nilisema mimi. Miaka arobaini, maji hayaji shayiri ikiwa kijani."

Hapo wengine walikwisha kuanza kukunja majamvi. Ningewaacha waende, dada, na pengine ningeshukuru. Lakini nilikuwa na kibao changu cha vipimo mkononi, na macho yangu yalikuwa juu yake kwa sababu ya aibu ya kutazama watu.

"Mzee," nikasema, "tangu tuanze, maji yamepanda vidole tisa. Juzi kimoja. Jana viwili. Leo asubuhi viwili."

"Upepo huo."

"Upepo haukai siku kumi, baba. Tena maji yamebadilika rangi. Njoo uyaone."

Hakuja. Alikuja Tabni, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Karani, hiyo barua ya mwezi, umetusomea sisi. Mto nao umesomewa?"

"Haujasomewa."

"Basi utajuaje kwamba bado mapema? Shallurum, beba kikapu chako, baba, usitupotezee jua."

Akakibeba. Alinung'unika mpaka magharibi, lakini alikibeba.

Sasa nikwambie nisilowaambia wao. Mchana ule ule mashua ilileta barua ya Mkuu, yenye jina langu. Hiyo niliivunja upesi. Inasema niache kazi na kuwarudisha watu, na nikiongeza kikapu kimoja nitaitwa Sippar. Nimeificha chini ya jamvi ninalolalia. Vikapu vilivyoongezwa baada ya hapo ni mia nne na kumi. Ninaandika hesabu hiyo ili, nikiulizwa, angalau nisiwe nimedanganya.

Sijui nimepata wapi kichwa hiki. Si changu.

Apil-Kubi


Sippar
Siku ya 19 ya Addaru ya pili

Kwa Apil-Kubi. Etelpu anasema hivi:

Mjumbe amefika kutoka juu mtoni akiwa amechosha punda wawili. Theluji ya milimani imeyeyuka kabla ya wakati, na mvua zimeongezea. Huko alikotoka, gati limefunikwa. Maji yako njiani kwenu.

Sahau barua yangu ya kwanza. Kama ulinitii, wakusanye tena leo hii. Kama hukunitii, tutazungumza siku nyingine, na si kwa ubaya.

Sina mtu hata mmoja wa kukupa. Nusu ya watu nimewapeleka Mfereji wa Kaskazini, ambako tuta halijaguswa, nusu bado wako kwao. Hao sabini ndio jeshi lako.

Maji yakifika alama ya tatu kutoka juu ya nguzo, kata tuta la magharibi uyamwage kwenye shamba la ikulu lililopumzishwa. Ruhusa nimekwisha ipata, usingoje kuuliza. Barua hii ikifika, ivunje hapo hapo, miguu yako ikiwa bado majini.

Etelpu, Mkuu wa Mifereji


Babnari
Siku ya 21 ya Addaru ya pili

Dada,

Naandika kwa haraka, mashua ya mwisho inaondoka.

Maji yako alama ya nne kutoka juu. Tuta la mashariki linashikilia pindo lote, limevaa majamvi tabaka tatu. Lakini yakiendelea hivi yatapita juu yake kesho jioni, na hakuna kikapu kitakachosaidia. Njia ni moja. Tukate tuta la magharibi, maji yaende kwenye shamba la ikulu ambalo halina kitu. Shallurum amekubali, safari hii bila kutaja miaka.

Lakini hilo ni tuta la mfalme. Anayekata tuta la mfalme bila amri ni mharibifu, na sheria unaijua: atalipa, na akishindwa kulipa atauzwa yeye mwenyewe. Mimi nina nini cha kulipia? Kalamu ya tete na bata.

Asubuhi imekuja barua nyingine ya Mkuu, yenye jina langu. Sijaivunja. Najua imesema nini, na mimi najijua: nikiisoma nitatii. Ile ya Ibbi-Ilabrat niliiogopa kwa kuwa si yangu, hii naiogopa kwa kuwa ni yangu. Nimeiweka rafuni, pale pale.

Kesho tunakata. Nimewaambia watu kwamba amri ni yangu peke yangu, na nimeiandika kwenye kibao na kuigonga muhuri, ili asije akaulizwa mwingine.

Wakinileta Sippar nimefungwa, usipande darini kutazama.

Apil-Kubi


Sippar
Siku ya 25 ya Addaru ya pili

Mdogo wangu,

Hakuna mashua kutoka kwenu siku ya tatu sasa. Maji ya hapa gatini yamekuwa ya kahawia, yanapita na vitu: mlango, mzoga wa kondoo, mti mzima na ndege juu yake. Mfereji wa Kaskazini umepasuka juzi. Mashamba kumi na manane yamekwenda na shayiri yake, pamoja na la yule mwenzangu aliyenicheka kwa ajili ya tarehe. Nimemkaribisha kwangu, tunakula dengu.

Nilimtuma mpishi wangu nyumbani kwa Etelpu. Alijibiwa hivi: "Mwambie Huzalatum nilikwisha mwandikia mdogo wake, anajua la kufanya." Alikuandikia nini? Wewe unasema hukuisoma. Nani kati yenu ana akili?

Huzalatum


Sippar
Siku ya 28 ya Addaru ya pili

Apil-Kubi,

Shayiri siitaki. Jikoni kwa kaka nitakaa, na mkewe nitamsalimia kila asubuhi. Niandikie neno moja tu. Hata usipoweka tarehe.

Nimepanda darini. Ulinikataza, lakini wewe si mkubwa wangu.

Dada yako


Babnari
Siku ya 29 ya Addaru ya pili

Dada yangu Huzalatum,

Shayiri imesimama.

Imesimama yote, kuanzia langoni hadi mkondo wa saba, na lako limesimama kuliko la jirani yako. Nimekwenda mwenyewe nikapita katikati yake, miguu mikavu, nikashika suke moja. Ndani lina maziwa. Litakomaa.

Tulikata siku ya ishirini na mbili, jua likiwa utosini. Shallurum alishika jembe la kwanza, akanipa. "Amri ni yako, karani, na pigo la kwanza ni lako." Nilipiga. Udongo kidogo ukatoka, kama wa mtoto anayecheza. Nikapiga tena, wakaingia wote, na mara tuta likafunguka, maji yakageuka. Dada, ningejua maneno ningekuandikia yalivyogeuka. Mto mzima ulikuwa umeegemea mashariki kama fahali anayesukuma zizi, ghafla ukasikia mlango mwingine, ukaenda.

Hata hivyo siku nne maji yalikaa vidole viwili chini ya ukingo wetu. Kila jamvi lililochomoka, wanawake waliliwahi na kulikalia mpaka udongo uletwe. Wachungaji walilaza punda wao juu ya tuta ili uzito uongezeke, punda wakakubali. Nilisimama kwenye nguzo nikisoma vidole kwa sauti, na watu wakirudia nyuma yangu mpaka mwisho wa pindo. Siku ya nne niliita, "Kimoja chini." Hakuna aliyerudia. Nikaita tena. Ndipo ikaanza kelele upande wa mbali, ikatufikia, na Shallurum akavua kilemba akakirusha mtoni. Sasa anakidai kwangu.

Jana maji yalipungua hata tukaweza kuketi. Nikawaita wote. Kwanza niliwaeleza ile barua niliyoificha chini ya jamvi.

"Ulituficha?" Tabni akauliza.

"Niliwaficha."

"Ungetuambia, tungekwenda zetu."

"Ndiyo sababu, mama."

"Siku nyingine tuambie, halafu tubishane. Hatushindwi kubishana."

Nikatoa ya pili, ile ya rafuni. Nikawaambia pengine hii ndiyo inayoniita kufungwa, na kwamba nilitaka kuisoma mbele yao kwa sababu walibeba pamoja nami. Nikaivunja. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili. Nilipofika pale penye alama ya tatu na tuta la magharibi, nilirudi mstari wa kwanza nikaanza upya.

Shallurum ndiye aliyeanza kucheka, polepole, kama mtungi unaovuja, kisha akaketi topeni akicheka huku akipiga magoti. "Yaani ruhusa ilikuwa rafuni siku nzima, na wewe unatetemeka langoni kama mbuzi wa kafara."

"Ilikuwa rafuni, baba."

"Mwanangu, hebu leo nionyeshe hilo rafu. Nalichoma."

Nami nikacheka, dada. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Shamba la ikulu limenywa. Maji yalipoondoka yaliondoka na chumvi. Nyeupe yote imekwenda, ardhi iko nyeusi, inanukia. Wachungaji wanasema mwakani itazaa kuliko yote.

Mwambie mwenzako aliyepoteza shamba kwamba Babnari itakuwa na shayiri ya kutosha watu wawili.

Mdogo wako,
Apil-Kubi


Sippar
Siku ya 3 ya Nisannu, ile ya watu wote

Kwa Apil-Kubi. Etelpu anasema hivi:

Wafanyakazi mia tatu walifika kwako siku ya kwanza, siku niliyosema. Wanasimulia kwamba walikuta tuta limekwisha, wakapewa bia, wakaambiwa waketi. Sijawahi kusikia zamu ya namna hiyo. Wapeleke Mfereji wa Kaskazini leo, kabla hawajaizoea.

Mifereji mitano ilisubiri mwezi sahihi. Mitatu imepasuka. Wako, uliokosea mwezi, ndio usiopoteza hata suke. Sijui hilo niliandike vipi kwa mfalme, kwa hiyo nimeandika tu kwamba tuta la Babnari lilisimama, na jina lako chini yake.

Karani aliyenakili majina ya mwaka jana sasa anahesabu matete. Nafasi yake sikupi. Nataka upime maji kwenye vichwa vyote sita vya mifereji, na kila karani akuletee vidole alivyosoma. Njoo baada ya mavuno.

Mwaka mpya ukausherehekee tena. Safari hii nakuruhusu.

Etelpu, Mkuu wa Mifereji


Babnari
Siku ya 17 ya Ayyaru

Kwa karani atakayekuja Babnari baada yangu,

Jina lako silijui, ndiyo maana barua hii haina bahasha. Iko rafuni, mahali utakapoitazama kwanza.

Shayiri imevunwa. Ya Huzalatum wa makao ya wakfu imekwenda mashua mbili, na nyingine ndogo ya mwenzake. Lango ni zima. Alama ya tatu kutoka juu nimeichonga upya kwa kina, hata kiganja kitaiona.

Mzee Shallurum atakuambia ana miaka arobaini langoni. Ni arobaini na mmoja. Bishana naye mpaka aje mwenyewe kuyatazama maji. Tabni anajua rangi ya mto kwa kuionja. Akikuuliza swali, lijibu mbele ya watu. Bata hana mwenyewe.

Lolote litakalokuja na muhuri, hata likiwa na jina la mtu aliyekufa, livunje, uwasomee wote. Kisha shuka ukasome nguzo, kwa maana mto hausomewi.

Vipande vya ile bahasha ya Ibbi-Ilabrat nilivitia kwenye kikapu cha mwisho cha udongo, pale mto unapopinda. Ukipita hapo, kanyaga kwa nguvu.

Apil-Kubi, mpima maji